Mwaka Niliojifunza Kuuliza Jina

"Munakuya kubeba nani?" kijana wa chumba cha maiti alituuliza, buti zake za mpira zikiwa bado zinachuruzika maji. Tulikuwa watatu: binti mkubwa wa Maman Nabintu, Papa Janvier aliyekuwa mtu wa maabara enzi zetu, na mimi. Binti akajibu, "Maman yetu." Kijana hakusogea. "Maman yenu anaitwa nani? Museme jina yote." Binti alipandwa na hasira, maana mle ndani siku ile mlikuwa na maiti mbili tu, na ya pili ilikuwa ya mwanamume mrefu ambaye miguu yake ilipita mwisho wa shuka. Alimwambia kijana hana moyo. Nikamshika mkono, nikalitaja jina lote, la ubatizo, la nyumbani na la baba yake. Kijana akainama kwenye kikaratasi kilichofungwa mguuni, akakisoma polepole kwa kidole, ndipo akafunua uso. "Anafanya muzuri, huyu," Papa Janvier alininong'oneza, na mimi nikaanza kulia. Kesho yake, tulipomzika kwao Nyangezi, sikutoa hata chozi, na najua wapo walioniona mkavu. Machozi yangu yalikuwa yamekwisha pale mlangoni, kwa ajili ya swali lile. Yule aliyelala chini ya shuka ndiye aliyenifundisha kuliuliza, na siku moja niliyoacha kuliuliza, mtu nusura afe.

Nilipoanza kazi chini yake nilikuwa na miaka kumi na tisa, diploma ya serikali ya kumaliza sekondari na mwandiko mzuri. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu, ila nilijiona nina vingi. Hospitali ile, ambayo sitaitaja, imejengwa kwenye mteremko kama nusu ya Bukavu, kwa hiyo kila jengo lina ngazi, na kila ngazi ina mtu amekaa anasubiri. Chumba cha fiche kilikuwa chini kabisa. Kilikuwa na rafu za mbao mpaka darini, na kwenye rafu maelfu ya karatasi ngumu zilizokunjwa katikati, kila moja ikiwa maisha ya mtu mmoja: homa zake, uzazi wake, sindano zake, aina ya damu yake. Fiche haikutoka hospitalini. Mgonjwa alikwenda nyumbani na kadi ndogo tu, tuliyoiita karte, yenye jina na namba, na alipoirudisha kwenye kidirisha chetu cha mbao, namba ile ndiyo iliyotuonyesha fiche yake ilipolala. Kulikuwa na harufu ya unyevu na wino. Kwenye dirisha la nyuma, katikati ya mapaa mawili ya bati, ulionekana upande mdogo wa ziwa, ambao Maman Nabintu hakuwahi kuutazama nikiwa naye, kwani alikuwa amekaa akiupa mgongo kwa makusudi ili mwanga uangukie karatasi.

Alikuwa mfupi, mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi wa bandeji, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Alikuwa na ukali wa mtu asiyepaza sauti. Siku ya kwanza alinikagua vidole kabla hajaniangalia usoni, akaniambia hakuna kula ndani. Kwa hiyo chakula cha mchana tulikula nje kwenye ngazi, bugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, za kukaanga, au maharage na mchicha wa lengalenga, halafu tukanawa kwa sabuni mara mbili, na bado alininusa mikono ili asikute mafuta. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo. Leo mimi ndiye ninayewanusa vijana mikono, ingawa fiche zimeingia kwenye kompyuta, na wananicheka nikigeuka.

Kazi yenyewe alinieleza kwa dakika tano, nayo ilionekana ya kitoto. Mimi wa kidirishani nauliza jina, napokea karte, natafuta fiche, na kama mtu analazwa naandika jina lake kwenye kipande cha sparadrap, ile plasta nyeupe ya kubandika, na kumfunga kwenye mkono. Muuguzi anauliza tena kabla ya dawa. Mtu wa maabara anauliza tena kabla ya sindano. Yeye Nabintu, mkuu wa fiche, analinda kitu kimoja alichokisema kila asubuhi alipofungua kufuli: "Mutu moya, fiche moya." Na kila mmoja wetu anauliza kana kwamba hakuna aliyeuliza kabla yake. Hapo ndipo niliponuna. Kwa nini tumuulize mgonjwa mara nne, wakati jina liko mkononi mwake limeandikwa na mimi, kwa mwandiko mzuri? Wagonjwa nao waliona hivyohivyo. Kupitia kidirisha niliwasikia kwenye mabenchi wakitudhihaki. "Banauliza tena! Asubui nilikuwa Bahati, sasa niko nani?" Na mwingine, "Acha baulize, pengine utapata jina ya muzuri kuliko ile." Benchi zima likacheka, na mimi nyuma ya kidirisha nikacheka nao.

Wiki ya kwanza alinipa somo nililolidharau. Alikuwa na sheria kwamba usimtajie mgonjwa jina, umwache alitaje mwenyewe. Nilimuuliza tofauti ni nini. Alifungua kidirisha, akatoa kichwa nje, akaita jina la kutunga ambalo halikuwa kwenye karte yoyote ya asubuhi ile. Watu watatu walisimama. Mmoja alikuwa baba mzima mwenye kofia, aliyefika mpaka kidirishani, na alipoulizwa kama jina lile ni lake akasema kwa heshima zote, "Siyo miye, lakini niko tayari." Niliona kichekesho cha mwaka. Sikuona kile alichotaka nikione, kwamba kwetu mtu akiitwa na mwenye koti jeupe hakatai. Amesubiri tangu alfajiri, ametoka mbali, na kumwambia mtu wa hospitali "umekosea" ni utovu wa adabu. Atasema ndiyo. Ukimpa jina, atalipokea kama anavyopokea kidonge.

Kitu kilichoniduwaza katika miezi ile ni jinsi alivyowapata watu waliopotea. Alikuja mama mmoja kutoka migodi ya Mwenga, karte imeoza na jasho, namba haisomeki, na fiche za jina kama lake zilikuwa ishirini na zaidi. Maman Nabintu alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamuuliza alijifungua mara ya mwisho msimu gani, nani alimsindikiza, alipewa kitanda cha dirishani au cha mlangoni. Akapanda kwenye ngazi ya mbao, akavuta fiche tatu, akairudisha moja, akairudisha ya pili, akashuka na ya tatu. Yule mama alisomewa jina la mtoto wake aliyefariki akiwa na siku mbili, na akaanza kuitikia kila neno kwa kichwa. Nilisimama pale nikiwa na kidole mdomoni. Nilitaka kuwa yeye. Lakini nilitaka kuwa yeye bila kuuliza mara nne.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, Jumatatu, na foleni ilikuwa imepanda ngazi zote mpaka getini. Mwanamume mmoja kutoka Mudaka alifika na mwanamke kwenye pikipiki, wamefungwa pamoja kwa kitenge ili asianguke. Watu wenyewe waliwapisha. Mwanamke alikuwa kijana, karibu umri wangu, midomo imepauka, anashika tumbo la chini. Mwanamume akapitisha karte. Nikasoma: Furaha. Nilikuwa na karte nyingine tisa mkononi. Nikanyoosha shingo, nikasema, "Ni weye Furaha?"

Aliniangalia kidogo. Kisha akasema, "Njo miye," yaani ndiye yeye.

Nikaandika, nikafunga sparadrap, nikavuta fiche, nikampa muuguzi Chantal. Haikuchukua muda wa kumenya ndizi. Chantal, kwa haki yake, alimuuliza vizuri, "Unaitwa nani?" na mwanamke akamjibu kwa jina nililomfunga mimi. Fiche ya Furaha ilikuwa nene. Ilisema ni mtu wa kupungukiwa damu kila malaria inaporudi. Daktari alikuwa kwenye chumba cha upasuaji na mtu mwingine, akasomewa fiche mlangoni, akaagiza dawa ya malaria na mfuko mmoja wa damu, akasema atamwona akitoka. Kila mtu alifanya kazi yake juu ya kazi yangu.

Tulikuwa kwenye ngazi tunakula Papa Janvier alipotokea. Enzi zile alikuwa kijana mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega. Alishika fiche ya Furaha kwa mkono mmoja na kichupa cha damu kwa mwingine. "Maman Nabintu," akasema, "huyu mutu iko na damu mbili." Fiche ilisema A. Damu aliyoitoa yeye asubuhi, aliyoipima mara mbili, ilisema B. Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja wa A na mmoja wa B, na ule wa O ambao ungemfaa yeyote ulikuwa umekwisha. "Ao nilichanganya vichupa, ao fiche inadanganya. Kama sijajua, sitoe kitu. Damu ya mubaya inaua mutu palepale." Kisha akaongeza, "Na iko anaisha, maman. Chantal anasema mapigo inakimbia sana."

Maman Nabintu alinawa mikono. Hata siku ile alinawa. Akaifungua fiche magotini na kuisoma tangu ukurasa wa kwanza, jambo ambalo mimi sikulifanya, na niliona kidole chake kikishuka na kusimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena. Furaha alikuwa amejifungua mwezi wa tatu. Na Furaha huyohuyo alikuwa amejifungua mwezi wa nane wa mwaka uleule.

"Yesu," alisema, kwa sauti ndogo sana. Hakuna mwanamke anayezaa, na baada ya miezi mitano akazaa tena mtoto aliyetimia. Fiche ile ilikuwa na zaidi ya mtu mmoja ndani. Niliuona uso wake ukizeeka pale kwenye ngazi, kwa sababu karatasi ile ilikuwa imepita mikononi mwake mara zote mbili.

Tulipofika kitandani, yule mwanamume wa pikipiki, shemeji yake, alikuwa ametumwa kununua maji, na mwanamke alikuwa amelala kiubavu, macho nusu. Chantal alikuwa ameshamuuliza tena, na tena amejibu Furaha. Papa Janvier akamuuliza, akajibu Furaha, safari hii huku akiuficha mkono wenye sparadrap chini ya shuka. Ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa. Alidhani tukijua tutamwondoa kitandani, arudi mwisho wa foleni, au arudi Mudaka. Angekubali kufa na jina la mtu mwingine mkononi kuliko kukivunja kile tulichokubaliana, mimi na yeye, pale kidirishani. Nilifikiria kazi yangu, ndiyo, sitadanganya, niliifikiria kabla ya kumfikiria yeye.

Nilingoja Maman Nabintu amgombeze. Alivuta kigoda, akakaa, ili uso wake uwe sawa na uso wa mgonjwa. Akavua miwani.

"Mwana wangu," akasema, "miye naitwa Nabintu. Baba yangu ni wa Nyangezi. Kazi yangu humu ni kuchunga fiche moya kwa mutu moya. Hii yenu nilichunga mubaya. Nilikosa miye, hapana weye."

Kisha akangoja, bila kutuangalia. Papa Janvier ndiye aliyeelewa kwanza, akasogea. "Miye Janvier. Wa Nyawera. Napimaka damu. Sitaki kukupa ya mutu mwengine." Chantal akafuata, jina lake, kwao, kazi yake, harakaharaka, kwa sababu alikuwa ameshika mapigo ya yule mwanamke kwa vidole na alijua kuliko sisi muda uliobaki. Watu wazima watatu, wakuu wangu wote, walikuwa wakijitambulisha mbele ya msichana wa Mudaka kama wageni wanaobisha hodi kwake. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na nimeona maaskofu wakiingia mjini.

Zamu ikabaki yangu. Ningeweza kusema jina na kazi, basi. "Miye Mwamini," nikasema. "Kazi yangu ni kuuliza jina." Nikasogea karibu naye. "Sikukuuliza. Nilikupatia ile ya karte, kisha weye ukaitika. Basi sasa nakuuliza. Unaitwa nani?"

Alinitazama mimi, si wao.

"Nsimire," akasema. "Nsimire M'Chubaka. Furaha ni dada ya bwana yangu. Karte ni ya nyumba, shiye bote tunakuyaka nayo." Halafu, kana kwamba jina lilikuwa ndilo lililoziba njia, mengine yakatoka yenyewe. Hakuwa na malaria. Hakuwahi kuzaa. Alikuwa hajaona siku zake miezi miwili, na maumivu yalimkata ghafla akiwa shambani, upande mmoja, akaanguka. Chantal hakusubiri sentensi iishe. Alikimbia na viatu vyake vya mbao kwenye korido, tukisikia kila hatua, na daktari akatoka na glavu bado mkononi. Mimba ilikuwa imetungwa nje ya mji wa mimba, imepasuka, na damu ilikuwa ikivujia tumboni tangu asubuhi wakati sisi tunatibu malaria ya Furaha. Papa Janvier alitoa damu nyingine kwa mkono wake mwenyewe, akapima tena, B. Mimi niliikata ile sparadrap kwa mkasi na kufunga nyingine, nikimuuliza jina kabla ya kuandika, na kumuuliza tena baada ya kuandika. Mfuko wa B ulining'inia juu yake wakiusukuma mlango wa upasuaji.

Aliishi. Nalisema jambo hili refu kwa kifupi kwa sababu saa zile mbili mlangoni siwezi kuziandika. Maman Nabintu alikaa nami kwenye benchi la korido, akiwa ameacha chumba cha fiche kimefungwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Nilimuuliza kama kazi yangu pale imekwisha. Akasema, "Pengine angekudanganya hata kama ungemuuliza muzuri. Lakini ungeona macho yake. Njo kazi yako, kuona macho." Baadaye kidogo akasema kwamba yeye amekuwa akilinda rafu miaka yote ile, na nani ajuaye ni fiche ngapi kule ndani zina watu zaidi ya mmoja. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Nilidhani watu wa aina yake hawaogopi, na hadi leo nafikiri ule ndio uliokuwa ukubwa wake, kwamba aliogopa na kesho yake akaanza kuzikagua fiche zote, kuanzia rafu ya kwanza.

Wiki iliyofuata alituma neno Mudaka, na wanawake wa nyumba ile wakaja kwa zamu. Furaha mwenyewe alikuja akiwa amekasirika, aliona tunamnyang'anya karte yake. Haikuwa imemjia kichwani kwamba kuazimana ni kosa. Kwao karte ilikuwa ya nyumba kama sufuria kubwa, mwenye shida anaichukua, na mwenye karte ya zamani hupita foleni fupi. Tulikaa nao mmoja mmoja, tukaipasua ile fiche nene ukurasa kwa ukurasa: uzazi huu wa nani, malaria hii ya nani, damu hii ya A ilitoka mkono gani. Walikuwa wanawake wanne. Alipoona yao yakitenganishwa, Furaha akaacha hasira.

Nsimire alikuwa wa mwisho. Alishuka ngazi akishika ukuta, siku ya kutoka hospitalini, na Maman Nabintu aliniachia mimi kalamu. Nilimuuliza jina, ingawa nilikuwa nimemuuliza kila asubuhi kitandani kwa siku tisa. Nilimuuliza jina la baba, la mama, kijiji. Fiche yake ilikuwa na ukurasa mmoja tu, na karibu wote ulikuwa mweupe. Nikamwandikia na karte, nikaipitisha kidirishani. Hakuichukua. Alisema yeye hakusoma, na kwamba jina lake halipo kwenye karatasi yoyote, kwani walipokimbia vita akiwa mtoto kila karatasi ya nyumbani iliungua. Akaomba nimsomee.

Nikasoma: "Nsimire M'Chubaka. Mudaka. Damu, B."

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, na benchi zima la nje lilikuwa linasikiliza. Ndipo akaichukua kwa mikono miwili, akaifunga kwenye ncha ya kitenge mafundo mawili, akavuta kwa meno kuhakikisha.

"Hii," akaniambia, "hata Furaha alie, simupe."